Mwaka Unaofunguliwa na Mvua

Barabara kuu itokayo mjini Meru kuelekea Embu huvuka ikweta kabla ya kufika Nkubu. Wasafiri hushuka kwenye bango wakapiga picha, kisha wakaendelea na safari. Mstari huo usioonekana una mengi ya kutufunza kuhusu namna wazee wa nchi hii walivyohesabu mwaka. Hapa mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima. Mtoto wa Meru hajui majira ya baridi ambamo giza huingia alasiri.

Kwa watu wa kaskazini ya dunia, hofu kubwa ilikuwa jua kutokomea. Ndiyo maana kule Ireland, yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, walijenga kaburi la mawe la Newgrange kwa ustadi wa ajabu: kila mwaka, siku chache tu karibu na tarehe 21 Desemba, mwali wa alfajiri hupenya hadi chumba cha ndani. Wainka wa Cusco nao walilifanyia jua sikukuu yao kuu, Inti Raymi, mwezi Juni, ambao kusini ya dunia ndio kilele cha baridi. Wameru na Waembu hawakuwa na sababu ya kulibembeleza jua lirudi. Waliyoingoja kwa moyo wa kutetemeka ilikuwa mvua.

Hata hivyo jua huhama hapa pia. Ukisimama mjini Meru, Mlima Kenya uko kusini-magharibi. Mwezi Juni jua hutua mbali nao, upande wa kaskazini. Kufikia Desemba limeshasogea na kutua karibu na mabega ya mlima. Kule Embu, mlima uko kaskazini. Juni saa sita mchana jua huelekea upande wa mlima na kivuli cha mtu huanguka kusini. Desemba kivuli hugeuka kikaelekea mlimani. Katikati ya safari hizo mbili, Machi na Septemba, jua hupita utosini, na baada ya kila mapito hayo mawingu hukusanyika. Mvua ndefu hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Mwaka mmoja, misimu miwili ya kupanda. Jirani zao Wagikuyu huita misimu hiyo kwa mazao yake: mvua ya njahi, aina ya maharagwe, na mvua ya mwere, yaani uwele. Jina la msimu ni chakula kitakachotoka ndani yake.

Kati ya misimu hiyo kuna baridi. Juni hadi Agosti ukungu hushuka kwenye miteremko ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene, jua likafichika siku kadhaa mfululizo, na moto jikoni hauzimwi. Mtu akitaka kuifananisha na siku za giza za kaskazini, huo ndio wakati wenyewe. Lakini ni baridi yenye ghala: mavuno ya mvua ndefu yameingia, au yako njiani kuingia.

Mkulima alijuaje wakati wa kuandaa shamba? Alisoma ishara nyingi kwa pamoja. Miti iitwayo mihuti ilichanua maua mekundu kwenye matawi yasiyo na jani, kiangazi kikiwa bado kikali. Ndege wa mvua alianza kuita. Usiku, kulikuwa na kile kishada cha nyota ambacho Waswahili hukiita Kilimia, jina lililotokana na kulima. Oktoba na Novemba huchomoza mashariki mapema usiku, mvua za vuli zikianza. Aprili huonekana magharibi kikididimia, Mei kimepotea, na Juni huchomoza tena kabla ya mapambazuko. Wahenga wa pwani walisema: Kilimia kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Nyota hizohizo Waxhosa wa Afrika Kusini huziita isiLimela, na mwanamume huhesabu miaka ya utu uzima wake, tangu alipotahiriwa, kwa kuchomoza kwao mwezi Juni.

Huko Meru pia, tohara ndiyo iliyoupa wakati umbo. Waliotahiriwa pamoja walikuwa rika moja, lenye jina lake, kama Lubetaa, Miriti au Gichunge, na majina hayo hurudi vizazi kwa vizazi. Mzee hakusema alizaliwa mwaka fulani. Alitaja rika lake na la baba yake, na wasikilizaji wakajua. Sherehe zilingoja chakula kiwepo, maana vijana walihitaji kulishwa wakipona, na wageni kukirimiwa. Leo tohara imehamia likizo za shule, Agosti na Desemba, na ile ya Agosti bado imekaa kando ya mavuno.

Mvua ilipochelewa, jamii nzima iligeukia mlima. Wameru huuita Kirimaara, Wagikuyu Kirinyaga, na theluji ya kilele chake, mita 5,199 juu, ilionekana kuwa maskani ya Mungu. Wazee waliokubalika walikwenda chini ya mti wa mugumo au kwenye kisitu kitakatifu, wakachinja mnyama wa rangi moja na kuomba. Waembu wanakitunza hadi leo kisitu cha Mwenendega karibu na Runyenjes, kwa heshima ya yule wanayemwita babu yao wa kwanza. Miongoni mwa Wameru alikuwepo Mugwe, kiongozi wa dini. Mkono wake wa kushoto ulifichwa chini ya vazi, kwa kuwa ndio uliobeba baraka ya watu, mifugo na mashamba. Siku hizi maombi ya mvua huinuliwa makanisani, na nyuso nyingi hazielekezwi tena mlimani, lakini ombi ni lilelile.

Naiandika habari hii kwa uchungu kidogo. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika sehemu kubwa za Afrika Mashariki, na nyanda za chini za Tharaka na Mbeere zinaijua njaa iliyofuata. Barafu ya mlima inapungua mwaka baada ya mwaka. Ishara za kale hazitazuia ukame. Ila zilimfundisha mkulima kutotegemea tarehe moja: alimsikiliza ndege, akautazama mti, akapima nyota, na mambo hayo yakikubaliana ndipo akatoa mbegu kwenye kibuyu. Kalenda ya ukutani haina adabu hiyo ya kusubiri na kulinganisha.

Mwezi Novemba ujao, giza likishatanda, mtoke nje na watoto mtazame mashariki. Waonyesheni kile kishada kidogo, muwatajie jina lake, kisha muwaambie kwa nini kinaitwa hivyo.