Kazi ya Baruku: faili za ardhi, vijana wetu, na kiwanja cha kanisa



Katika parokia nyingi za huku kwetu, kuanzia Mulongo kwenye ukingo wa Lualaba mpaka Kamina, karatasi za kiwanja cha kanisa zinakaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mchungaji, au kwa katibu wa zamani ambaye sasa ni mzee. Mchungaji akihamishwa, karatasi zinahama naye. Akifariki, zinabaki kwa mjane wake. Mwaka mmoja mchwa wanaingia, mwaka mwingine maji ya mvua. Siku jirani anaposogeza uzio wake ndipo tunakumbuka kutafuta, na hatuoni kitu.

Vijana wetu wana swali lao. Waliopata diploma ya serikali wanasikia kwamba biro za ardhi zitahitaji watu wa kupanga faili za zamani, kuzipiga skana na kuziandika kwenye kompyuta. Wanauliza: hiyo ni kazi kweli, au ni kukaa tu bironi na kungoja mshahara usiofika?

Makala hii inataka kueleza kazi hiyo inavyofanyika, na kwa nini inatuhusu sisi tulio na karatasi na wale wasio na karatasi.

Karani katika kitabu cha Yeremia

Tusome Yeremia sura ya 32. Yerusalemu umezungukwa na jeshi la Babeli, na nabii amefungwa katika ua wa walinzi. Wakati huo mbaya, Hanameli mwana wa baba yake mdogo anamletea habari ya shamba la Anathothi, na Yeremia analinunua kwa shekeli 17 za fedha. Maandiko yanaeleza mambo ya biro kwa uangalifu: hati inaandikwa, inatiwa muhuri, mashahidi wanaweka majina yao, fedha inapimwa kwenye mizani. Kuna nakala mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja iko wazi. Zote mbili anapewa Baruku, karani, mbele ya watu, naye anaambiwa aziweke ndani ya chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Mungu alikuwa ameahidi kwamba watu watarudi, na kwamba nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile. Lakini mtu anayerudi kutoka uhamishoni, atajuaje shamba ni la nani? Hapo kazi ya Baruku inaonekana. Yeye hakutabiri kitu siku ile. Aliweka karatasi mahali pazuri.

Sisi wa upande huu tunaelewa habari ya kurudi. Wakati wa vita vya Mai-Mai, miaka ya 2005 na 2006, watu wengi wa Mitwaba na Malemba-Nkulu walikimbia vijiji vyao. Waliporudi, si kila mtu alikuta shamba lake kama alivyoliacha.

Karatasi yenyewe ni nini

Sheria ya ardhi ya nchi yetu ni ile ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Inasema udongo ni mali ya Serikali. Mtu au shirika linapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa kwa hati ya usajili, ile tunayoita sertifika. Hati inaandikwa mara mbili: moja inabaki ndani ya kitabu kikubwa cha usajili kwa konservatere wa hati za ardhi, nyingine anapewa mwenye kiwanja. Ni kama nakala mbili za Baruku. Kila hati ina namba ya kitabu na namba ya ukurasa wake. Ukipoteza ya kwako, ile ya bironi ndiyo inakuokoa. Zikipotea zote mbili, unabaki na maneno ya mdomo.

Kuna jambo ambalo parokia nyingi hazilijui. Mtu wa kawaida, raia wa Kongo, anaweza kupata konsesyo ya kudumu. Kanisa si mtu wa kawaida mbele ya sheria, ni shirika. Kwa hiyo linapewa konsesyo ya kawaida, yenye mwisho, na muda wake hauzidi miaka 25, ingawa unaweza kurudishwa upya. Parokia iliyopata hati mwaka 1998 kwa miaka 25, muda wake ulikwisha 2023. Kama hakuna aliyesoma tarehe ile, kanisa linaendelea kuimba na kuhubiri mahali ambapo karatasi yake imekwisha nguvu. Nazo hati za misioni za wakati wa Wabelgiji hazitoshi kuonyeshwa kama zilivyo, maana sheria ya Bakajika ya 1966 na ile ya 1973 zilibadilisha msingi wote.

Kazi inavyofanyika

Mwaka 2013 Serikali iliunda tume ya taifa ya kutengeneza upya mambo ya ardhi, CONAREF, na Wizara ya Ardhi imetangaza mara nyingi nia ya kuhamisha karatasi za kadastri kwenye kompyuta. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 nayo imeyapa maandishi ya kompyuta nafasi mbele ya sheria. Kazi ya chini kabisa katika mpango wa namna hii ni ya karani wa kumbukumbu, nayo inakwenda hivi.

Kwanza, faili inapokelewa na kuandikwa katika daftari: imetoka kabati gani, ina karatasi ngapi, nani ameileta, saa ngapi. Karatasi zinahesabiwa kabla na baada.

Pili, zinasafishwa. Vumbi linapanguswa kwa brashi laini, pini zenye kutu zinatolewa, karatasi iliyokunjwa inanyooshwa polepole. Ile iliyoliwa na mchwa haitupwi; inawekwa ndani ya bahasha yake na kuandikwa kwamba imeharibika.

Tatu, inapigwa skana pande zote mbili. Mtu mwenye haraka anaacha upande wa nyuma. Lakini ni nyuma mara nyingi panapoandikwa kwamba kiwanja kiliuzwa, kiligawanywa au kiliwekwa rehani.

Nne, karani anaandika kwenye kompyuta: jina la mwenye hati, kitabu na ukurasa, namba ya kiwanja, mahali, tarehe, na ukubwa kwa hekta, ari na sentiari.

Tano, mtu wa pili anasoma picha na kulinganisha na yaliyoandikwa. Yule aliyeandika hajikagui mwenyewe.

Sita, karatasi zinarudishwa katika sanduku lake kwa mpangilio uleule, na nakala za kompyuta zinawekwa mahali pawili tofauti. Karatasi haichomwi kwa sababu imepigwa skana. Moto ukiunguza kompyuta, karatasi itasema. Mchwa wakila karatasi, kompyuta itasema.

Mahali makosa yanapoingilia

Kazi hii inaonekana nyepesi, lakini kosa moja dogo linaweza kuzaa kesi ya miaka kumi. Ari 6 ni meta za mraba 600. Kidole kikiongeza sifuri moja, zinakuwa 6000, na jirani amemezwa. Ukurasa 27 ukiandikwa 72, hati ya mjane inafunguka kwa jina la mtu mwingine.

Majina ni mtego mkubwa zaidi. Kina Ilunga, Kabamba na Ngoy ni wengi kwetu, na Ngoy wa karatasi moja ni Ngoie wa karatasi nyingine. Tena mwaka 1972, wakati wa siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye asili, watu walilazimishwa kuacha majina ya ubatizo. Mtu aliyepata hati kwa jina la Joseph kabla ya hapo anatokea baadaye kwa jina lingine kabisa, na ni mtu yuleyule. Hata majina ya nchi yalibadilika: Élisabethville ikawa Lubumbashi, Katanga ikaitwa Shaba mpaka 1997, na Haut-Lomami iliyokuwa sehemu ya Katanga imekuwa jimbo lenyewe tangu 2015. Kompyuta haijui historia hiyo. Kijana aliyezaliwa hapa, aliyezoea kusikia wazee wakitaja majina ya zamani, anaijua au anajua wa kumuuliza. Ndiyo sababu kazi hii inafaa ifanywe na watoto wa mahali penyewe.

Kishawishi

Tuseme ukweli. Katika utumishi wa Serikali ya Kongo, wengi wanaoanza kazi wanaitwa watu wapya: wanafika bironi kila siku, lakini hawajapewa namba ya mtumishi na mshahara haujaanza. Wengine wanangoja miaka. Wakati huohuo watu wanakuja mlangoni na "maharage ya watoto" mkononi. Mmoja anataka faili yake itangulie. Mwingine anataka faili ya jirani isionekane.

"Faili imepotea" ni neno linalonyang'anya watu mashamba bila panga wala bunduki. Mwezi wa Mei 2014 serikali ya Kenya ilifunga kwa siku 10 biro za usajili wa ardhi za Nairobi ili faili zipangwe, na katika kupanga huko nyingi zilizosemwa kuwa zimepotea zilionekana. Zilikuwa ndani ya jengo muda wote. Miaka 7 baadaye, Aprili 2021, nchi hiyo ilifungua mfumo wa kompyuta unaoitwa Ardhisasa. Lakini mfumo wowote unalishwa na mikono ya watu. Karani akiingiza uongo, kompyuta itautunza uongo vizuri sana.

Maandiko yanakataza kusogeza jiwe la mpaka lililowekwa na wazee wetu. Zamani mtu alihitaji kutoka usiku na jembe ili alisogeze. Leo karani analisogeza akiwa ameketi kwenye kiti, kwa kidole kimoja. Kwa hiyo kanisa linalomwombea kijana apate kazi lisiishie hapo. Ikiwa amekaa miezi sita bila mshahara, nani anampa unga? Kumwambia asipokee rushwa huku watoto wake wanalala njaa ni kumwachia mzigo peke yake.

Wale wasio na karatasi

Kompyuta inahifadhi kile kilichoandikwa. Mashamba mengi ya Mulongo hayajaandikwa popote katika biro ya ardhi: mtu alipewa na shefu, baba yake alilima hapo, majirani wanajua mpaka ni mti ule na kile kijito. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba Rais atatoa agizo la kupanga haki za watu juu ya ardhi za namna hii, na miaka mingi ilipita agizo hilo halijatoka. Kwa hiyo faili zikihamishwa kwenye kompyuta, mwenye hati anaonekana wazi na asiye na hati anaweza kuonekana kama hayupo. Mtu mwenye fedha anaweza kwenda Kamina, zaidi ya kilometa 200 kutoka hapa, akarudi na karatasi ya shamba ambalo watu wanalilima. Sertifika ikishapita miaka 2, kuishambulia mahakamani ni vigumu sana.

Rwanda walifanya kwa njia nyingine. Kati ya 2009 na 2013 waliandika viwanja zaidi ya milioni 10 nchi nzima, wakitumia picha zilizopigwa kutoka angani na watu wa vijijini waliofundishwa kwa muda mfupi. Mwenye shamba alionyesha mpaka wake majirani wakiwepo. Ushahidi wa jirani ulikuja kwanza, kompyuta ikafuata. Kwetu mambo hayajafika hapo, lakini tunaweza kuanza na ushahidi wa jirani.

Parokia ifanye nini

Kamati ya kanisa itafute karatasi zote za kiwanja, za shule na za dispensari, iziandike katika daftari moja na kusoma tarehe ya mwisho ya kila moja. Kama muda umekwisha au umekaribia, viongozi wa kominiote wajulishwe mapema ili waombe upya. Piga picha kila karatasi mbele na nyuma, hata kwa simu, na nakala ziwekwe kwa watu watatu, mmoja wao akiwa nje ya Mulongo. Karatasi yenyewe ikae kanisani ndani ya chombo kisichoingia maji wala mchwa, si kwa mtu.

Mchungaji anapohamishwa, makabidhiano yaandikwe na kutiwa sahihi na mashahidi. Kwa mashamba ya desturi, wazee watembee mipaka pamoja na shefu na majirani, na maelezo yaandikwe, majina ya wajane yakiwemo, na kila mmoja atie sahihi au kidole. Karatasi hiyo si sertifika, lakini siku ya kesi ni ushahidi, na siku makarani watakapofika itakuwa mahali pa kuanzia.

Nawe kijana unayetaka kazi hii, iombe bila aibu. Wengi hawatajua jina lako. Lakini mama atakayeonyesha hati yake na kuachiwa shamba lake atakuwa amelindwa na mikono yako.

Tuwaombee makarani wa ardhi wa Haut-Lomami, wale wanaolipwa na wale wasiolipwa bado, Bwana awape mikono safi. Na tuombe neema ya kufungua lile sanduku la bati wiki hii, kabla ya mvua.