Mahali, Msimu na Ulimi: Ramu ya Caroni na Asali ya Singida

Ramu ni kileo kinachotokana na miwa, aghalabu na molasi, yaani ule uji mzito mweusi unaobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa, ambao huchanganywa na maji, huachwa uchachuke, kisha hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake ukapozwa hadi ugeuke kimiminika chenye ulevi mkali. Hatua hiyo ya mwisho haina ugeni kwa mtu anayejua jinsi gongo inavyopikwa. Kinachozitofautisha ramu bora za visiwa vya Karibi ni miaka zinayolazwa ndani ya mapipa ya mbao za mwaloni, ambamo hupata rangi, hupoteza ukali na kujipatia harufu mpya, na ni miaka hiyo iliyozaa kundi la wapenzi, wengi wao wakiwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wanaozionja kwa utaratibu na kuzihifadhi chupa zake kama mali.

Mfano unaofahamika zaidi katika kundi hilo ni ramu ya Caroni kutoka kisiwa cha Trinidad. Caroni kilikuwa kiwanda cha sukari chenye mtambo wake wa ramu, kikaingia mikononi mwa serikali katika miaka ya 1970, na kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi hiyo ilipoachana na biashara ya sukari iliyokuwa ikileta hasara. Mwaka 2004 Luca Gargano, mfanyabiashara wa vileo wa kampuni ya Velier ya Genoa, Italia, aliyakuta mapipa yaliyosahaulika ghalani, akayanunua kwa wingi na kuanza kuyatia chupani kidogo kidogo. Ramu hiyo inanuka lami, mpira na matunda yaliyopitiliza kuiva, na zamani ile iliyo nzito zaidi ilithaminiwa hasa kwa kuchanganywa na ramu nyepesi ili kuzipa nguvu. Leo harufu hiyohiyo ndiyo inayotafutwa, na chupa moja huweza kuuzwa kwa bei ambayo mkulima wa kawaida wa alizeti mkoani Singida hawezi kuipata kwa msimu mzima.

Ni rahisi kuyacheka mapenzi ya namna hii, na kwa kiasi fulani yanastahili kuchekwa, kwa kuwa wapo wanaonunua chupa wasizokusudia kuzifungua. Hata hivyo, bei hiyo imejengwa juu ya jambo la maana, nalo ni kumbukumbu. Lebo ya Caroni humweleza mnunuzi mwaka ambao ramu ilikenekwa, mwaka iliotiwa chupani, kiwango cha ulevi wake, na mara nyingi hata idadi ya mapipa yaliyotumika. Joto la Karibi huifanya ramu ipungue pipani kwa mvuke kwa kasi kubwa mno kuliko katika maghala ya baridi ya Uskoti, hivyo tofauti ya mahali ilipolazwa inajulikana kwa ulimi na inaandikwa kwenye karatasi. Anayelipa ananunua ladha pamoja na uthibitisho wa asili yake.

Mkoa wa Singida nchini Tanzania hauna ramu, wala mvua zake chache si za kutegemewa kwa mashamba makubwa ya miwa, lakini unayo asali, ambayo kwa mtazamo wa mwonjaji ndiyo bidhaa iliyo karibu zaidi na ramu hiyo: nayo ni sukari ya mimea iliyopitia mikono ya mafundi na kubeba alama ya mahali ilipotoka. Upande wa kusini, katika halmashauri za Manyoni na Itigi, kuna vichaka ambavyo wataalamu wa mimea huvitaja kwa jina la Itigi popote duniani, msitu mfupi wenye matawi yaliyosongamana kiasi kwamba mtu hupita kwa shida, unaopukutisha majani wakati wa kiangazi na kuchipua upesi mvua zinapoanza. Mojawapo ya mimea yake, Baphia burttii, ina jina la B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyeichunguza sana nchi hii wakati wa ukoloni wa Kiingereza na kufa katika ajali ya ndege karibu na Singida mwaka 1938, akiwa pamoja na C. F. M. Swynnerton, mtafiti mashuhuri wa mbung'o. Asali inayorinwa kandokando ya vichaka hivyo si ile inayopatikana kwenye misitu ya miombo.

Hata ndani ya miombo penyewe, msimu hubadili ladha. Miti ya jamii ya Brachystegia huchanua mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba, ilhali ile ya Julbernardia huchanua baadaye, nchi ikiwa imeshaloa. Mzinga mmoja kwenye mti mmoja unaweza kutoa asali mbili zisizofanana kwa rangi wala harufu, kutegemea mrinaji amepanda mtini mwezi gani. Kwenye maeneo ya mashamba, ambako alizeti imetawala, asali huwa ya njano na huganda haraka kwa sababu ina wingi wa glukosi, aina ya sukari inayojikusanya kuwa chembechembe. Wanunuzi wengi mjini huikataa asali iliyoganda wakidai imetiwa sukari, na kwa dhana hiyo huiacha asali halisi ya alizeti na kuchukua nyingine ambayo huenda imechemshwa ili ibaki nyepesi. Kuganda peke yake hakuthibitishi kwamba asali imechakachuliwa.

Kisha ipo asali ya nyuki wadogo wasiouma, wanaoishi kwenye matundu ya miti na nyufa za kuta. Hii ni nyepesi kama maji ya ukwaju, ina uchachu unaouma pembeni mwa ulimi, hupatikana kwa kiasi kidogo na huuzwa ghali kuliko ile ya nyuki wakubwa, hasa kwa sifa yake ya dawa. Wenye ujuzi wa kina kuihusu ni Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi katika kijiji cha Munguli, wilayani Mkalama. Lugha yao ina jina mahsusi kwa asali ya kila aina ya nyuki, na watafiti walipowauliza ni chakula gani wanachokipenda zaidi, asali ilishika nafasi ya kwanza, mbele ya nyama. Elimu ya kuonja, kwa hiyo, haikuja Singida na wageni.

Kilichofanywa na wageni ni kuipangia elimu hiyo utaratibu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Michel Gonnet wa Ufaransa alianza kufundisha uonjaji wa asali huko Bologna, na Italia hatimaye ikawa na daftari rasmi la kitaifa la waonjaji. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuufuata. Kiasi kidogo cha asali hutiwa ndani ya bilauri, mwonjaji huitandaza ukutani mwa bilauri kwa kijiko ili harufu ipate eneo la kutokea, hunusa mara moja na kupumzika, kisha huweka kiasi kidogo ulimini na kuacha kiyeyuke bila kukimeza haraka, huku akitoa pumzi kwa pua, kwa kuwa sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ladha ni harufu inayopanda kutoka kooni. Mpenzi wa ramu hufanya karibu hayohayo kwa glasi yake.

Tofauti hujitokeza kwenye suala la moshi. Katika ramu, harufu ya lami imegeuka kuwa sifa; katika asali, moshi ni dosari, na mwonjaji huikatia alama. Mzinga wa gome, unaotengenezwa kwa kuambua ganda la mti na kulishona kwa vijiti kuwa mviringo, hurinwa kwa jadi usiku kwa mwenge wa moto, na masega yanayofukizwa kupita kiasi hunuka jivu hadi mezani. Uambuaji wa gome pia huua mti, na huo ndio mti ambao maua yake yalitoa asali, jambo linalotosha kuipa mizinga ya mbao nafasi ya kwanza hata kwa asiyejali ladha.

Asali, vilevile, haiwekwi miaka ishirini. Kadiri inavyokaa, hasa kwenye joto, huongezeka ndani yake kemikali iitwayo kwa kifupi HMF, ambayo wapimaji huitumia kama kielelezo cha ukongwe au cha kuchemshwa. Kanuni za kimataifa za Codex zinairuhusu hadi miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto na 40 kwa nyinginezo, na zinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali nyingi, kwani yakizidi asali huchachuka yenyewe. Mkusanyaji wa asali, basi, hushindana na kalenda: hutafuta ya Itigi ya msimu huu aiweke karibu na ya miombo na ya alizeti, azilinganishe, na baada ya mwaka mmoja au miwili aanze upya. Kinachomkwamisha Singida ni ndoo. Mnunuzi wa jumla hupita kijiji hadi kijiji, humimina asali ya vichaka juu ya asali ya miombo na ya mashamba, na ikifika mjini huitwa asali ya Singida, jina lililo la kweli lakini lisilomsaidia mwonjaji. Lebo inayotaja kijiji, mwezi wa kurina na aina ya uoto haihitaji mtambo wala mkopo, ila inamtaka mnunuzi atenganishe ndoo zake na kuwalipa zaidi wale wanaorina masega yaliyofunikwa nta, yaani asali mbivu.

Ipo pia asali inayochachushwa kwa makusudi. Wanzuki, pombe ya asali na maji inayojulikana sehemu nyingi za Tanzania bara, haikenekwi na hunywewa ingali changa, na kwa Wadatoga, wanaoishi Singida na mikoa jirani, pombe ya asali iliyotiwa mizizi ni kinywaji cha wazee na cha sherehe, ikiwemo bung'eda, maziko makubwa ya mtu mashuhuri ambayo huchukua miezi. Haitiwi chupani, haina mwaka ulioandikwa, na mpenzi wa ramu kutoka Genoa angelazimika kuja mwenyewe, na kualikwa, ndipo aionje.