Aliyeacha Mashamba Akagombea Sindano

Nyanda za kati za Tanzania si mahali pepesi pa kusifia kujinyima. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ulipigwa na njaa ambayo wenyeji waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Mvua nayo ikakosekana. Kwa msomaji wa Bahi au Mpwapwa ambaye ukoo wake unakumbuka ghala tupu, habari za wamonaki wa Misri wa karne ya 4, waliojipimia mkate mkavu na chumvi ili wamtafute Mungu, zinaweza kusikika kama mchezo wa walioshiba. Pingamizi hilo ni la haki, na ni kosa kulijibu kwa kumwambia mwenye njaa kwamba njaa yake ni fadhila. Kunyang'anywa ni dhuluma, wala hakumtakasi mtu.

Lakini wamonaki wenyewe hawakudai kwamba kukosa kitu kunautakasa moyo. Yohane Kasiano, aliyeishi miaka mingi kati yao kabla ya kuandika mafundisho yao huko Marseille, anaeleza kuachana kwa namna tatu: kwanza mali, pili tabia za zamani na tamaa zake, tatu kuibandua akili kutoka kwa vinavyoonekana ili imtazame Mungu. Ya kwanza ndiyo rahisi, na ushahidi wa Kasiano juu yake unachoma. Anasema wako walioacha dhahabu na mashamba makubwa, kisha jangwani wakawaka hasira kwa ajili ya kisu kidogo, sindano au kalamu; wengine walikilinda kitabu hata mwenzao asikiguse. Basi ung'ang'anizi ulikuwa moyoni tangu mwanzo, ukabadilisha tu cha kushika. Ndiyo maana Evagrio wa Ponto, mmonaki wa jangwa hilo la Misri aliyefariki mwaka 399, alichunguza mawazo manane, ulafi, hasira, majivuno na mengineyo, akafundisha kwamba hatuwezi kuyazuia yasije, ila tunaweza kuyakatalia makao. Kufunga kulikuwa chombo cha kazi hiyo. Mmonaki aliyekasirika kwa kukatizwa mfungo wake alikuwa amepoteza zaidi ya alichopata.

Litaulizwa: je, kujichunguza huku si kumpa jirani kisogo? Kasiano anatoa jibu la nafaka. Wamonaki wa Misri, anasema, walifanya kazi kwa mikono yao wakala kidogo, na kilichobaki wakakipeleka sehemu za Libya zilizokumbwa na njaa, na kwa wafungwa waliokuwa wakidhoofika magerezani. Kwangu huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwa sababu kujinyima kwa hiari kunageuka chakula kwenye sahani ya aliyenyimwa. Hata hivyo Kasiano huyohuyo anamsifu Abba Paulo, aliyeishi mbali na miji kiasi kwamba gharama ya kusafirisha kazi yake ingezidi bei yake. Alikusanya majani ya mitende na kuyafanyia kazi mwaka mzima, kisha akayachoma yote na kuanza upya, ili mikono isilale na mawazo yasitangetange. Naelewa alichokitafuta, na simdharau. Lakini anayesoma habari hizi kutoka nchi ya uwele na mvua haba ana haki ya kuwaweka mbele yake waliopeleka nafaka Libya, kwa kuwa nao walikuwa wakiutakasa moyo uleule.