Makohozi Yamepimwa, Mgonjwa Yuko Wapi?

Jirani yetu alikohoa tangu mavuno. Tulimsihi, akaenda kupimwa makohozi, akaambiwa arudi keshokutwa kuchukua majibu. Hakurudi. Mtoto aliugua, nauli ikakosekana, na baba akasema kikohozi kinapungua. Kumbe majibu yalikuwa tayari: kifua kikuu. Kwa wiki saba jina lake lilibaki katika daftari la maabara, bila kufika katika daftari la wanaotibiwa.

Akina mama, wako wengi wa namna hii. Wengine huhama, wengine huogopa kusemwa kuwa wana UKIMWI, na wengine, tuseme kweli, walijibiwa vibaya dirishani wakakata tamaa. Ugonjwa haungoji. Asiyetibiwa aweza kuambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka, hasa wanaolala naye chumba kimoja. Na dawa, hapa Tanzania, hutolewa bure; kwa kawaida humezwa kwa miezi 6.

Basi ukimsindikiza mgonjwa kupima, kazi haijaisha. Uliza majibu ni lini. Acheni namba ya simu yake na yako, mweleze nyumba ilipo. Siku ya majibu mbebee mtoto, wala msiondoke kabla hajapewa dawa.

Jirani yetu alifuatwa na mama mmoja wa jumuiya yetu, akampakia kwenye baiskeli. Alianza dawa siku hiyohiyo. Mwanawe wa miaka 2 alichunguzwa, akapewa dawa ya kinga.