Je, Wajua? Kirusi Juu ya Kirusi

Je, wajua kwamba mwenye VVU anaweza kuambukizwa VVU vingine? Wengi walidhani maambukizi ya kwanza hufunga mlango. Mwaka 2002 madaktari wa Geneva wakaripoti mgonjwa wao aliyekuwa na aina moja, akasafiri hadi Brazil, akarudi na aina ya pili.

Je, wajua hutokea mara ngapi? Majibu mazuri yametoka Afrika Mashariki. Mombasa, wanawake 146 wenye VVU wanaouza ngono walifuatiliwa kwa miaka. 21 wakaambukizwa upya. Kasi hiyo ni kama nusu ya ile ya wenzao wasiokuwa na virusi. Basi mwili hujikinga kidogo, ila ni kinga ambayo mimi singeitegemea. Rakai, Uganda, miongoni mwa wanavijiji wa kawaida, walikuwa 7 kati ya 149, na huko kasi haikupishana sana na ya maambukizi ya kwanza.

Mbeya, Tanzania, je? Watafiti walihesabu wenye aina mbili kwa wakati mmoja: wahudumu wa baa, karibu 1 kati ya 5; wananchi wengine, chini ya 1 kati ya 10.

Je, wajua kwamba Majengo, Pumwani, Nairobi, jirani kabisa na Gikomba, ni jina linalotajwa katika maabara za dunia nzima? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walikuwa wakishughulika na kisonono na magonjwa mengine ya zinaa. Mwaka 1985 wakapima damu ya akina mama wanaouza ngono pale kutafuta VVU: kiasi cha theluthi mbili walikuwa navyo. Muuguzi Elizabeth Ngugi akawaitisha mabaraza, wakafundishana kondomu wao kwa wao.

Na wajua kwamba baadhi yao hawakuambukizwa miaka nenda miaka rudi? Ila wachache waliopumzika kazi kwa muda, kisha wakarudi, kinga iliwaponyoka.

Je, wajua kirusi chotara, mchanganyiko wa aina mbili, huzaliwa vipi? Kirusi kimoja hubeba nyuzi mbili za RNA. Aina mbili zikikutana ndani ya seli moja, kirusi kipya huweza kubeba uzi mmoja wa kila mzazi. Kimeng'enya kinachonakili huanzia huku, kikarukia kule, kama fundi anayeunga vitambaa viwili. Mwaka 2008 timu hiyo ya Manitoba na Nairobi ilichapisha usomaji wa jeni za virusi vya wanawake 10 wa Nairobi, mwanzo hadi mwisho: sehemu kubwa ilikuwa machotara, mchanganyiko wa koo za VVU kama A, C na D. Kila chotara ni ushahidi kwamba mtu fulani, wakati fulani, alikuwa na aina mbili mwilini.

Je, wajua kwamba baadhi ya wanawake wa Mombasa walioambukizwa mara mbili walitengeneza kingamwili zinazozuia aina nyingi zaidi za virusi? Watafuta chanjo wanazichunguza.

Na kile kipimo cha tone la damu kidoleni? Hakitofautishi. Kinaonyesha kingamwili tu. Awe na kirusi cha aina moja au mbili, mistari ni ile ile. Kujua ni lazima damu ya zamani itolewe kwenye friza, jeni za virusi vyake zisomwe herufi kwa herufi, zilinganishwe na za leo.

Wapenzi wote wawili wana VVU, wanauliza kama kondomu bado ina kazi? Ikiwa mmoja ana kirusi sugu kwa dawa na hanywi ARV ipasavyo, ndiyo, ina kazi.