Kukandwa nyayo: Si kila mguu unaofaa

BAADHI ya vituo vya masaji na urembo katika mtaa wa Karen, Nairobi, huwapa wateja huduma ya rifleksolojia, yaani kubonyezwa na kukandwa nyayo ili kutuliza maradhi ya mwili mzima. Je, ni salama?

Wanaoshikilia tiba hii husema kila sehemu ya unyayo ina uhusiano na kiungo fulani, kwa mfano vidole na kichwa. Wazo hilo lilienezwa na Dkt William Fitzgerald wa Marekani katika miaka ya 1910, kisha Eunice Ingham akaliendeleza miaka ya 1930. Sayansi haijathibitisha uhusiano huo. Hata hivyo, kukandwa huweza kuburudisha mwili na kupunguza wasiwasi.

Kwa mtu mwenye afya, hatari ni ndogo. Lakini wapo wanaofaa kujihadhari.

Wa kwanza ni mwenye damu iliyoganda mshipani. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, usikubali uguswe. Bonge la damu laweza kung'oka, likaziba mishipa ya mapafu na kuua. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyetoka safari ndefu ya ndege awe macho zaidi.

Mgonjwa wa kisukari naye huenda miguu yake imekufa ganzi, asihisi anapoumizwa. Kidonda kidogo kikioza, mguu waweza kukatwa.

Mja mzito amuulize kwanza daktari au mkunga, hasa ikiwa anatokwa na damu au amewahi kuharibikiwa na mimba. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarin, huvilia damu kwa urahisi. Mwenye homa, kidonda, mfupa uliovunjika, ukungu wa miguu au jongo linalouma angoje apone.

Kabla ya kuvua viatu, mweleze mkandaji maradhi yako na dawa unazomeza. Muulize alisomea wapi, na uhakikishe amenawa mikono. Akikuahidi kuponya kansa au kisukari, au akikushauri uache dawa za hospitali, ondoka.

Na ukishikwa na maumivu ya kifua au ukose pumzi baada ya kukandwa, usingoje kesho. Kimbia hospitalini.