Ziba ufa kabla ya theluji: Mabomba ya nyumbani yaandaliwe mapema

WAZAZI waliokulia Tabora, Kisii au Bukavu wanazijua shida za maji: mgawo, koki inayovuja, mpira uliopasuka kwa jua. Lakini bomba kupasuka kwa sababu maji yamegeuka barafu ndani yake, hilo wengi hukutana nalo mara ya kwanza baada ya kuhamia Minnesota, Ohio na majimbo mengine ya Marekani yenye baridi kali. Mara nyingi hulijua maji yakiwa yameshafika sebuleni.

Wakati wa kujiandaa ni majira ya kupukutika majani, kati ya Septemba na Novemba. Baridi ikishakolea, mafundi bomba huwa na foleni ndefu na gharama hupanda.

Kwa nini bomba hupasuka

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Barafu huziba njia, na maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa hubanwa hadi bomba linashindwa kuhimili. Linaweza kupasuka bila kuvuja hata tone. Mafuriko huja barafu inapoyeyuka, pengine wazazi wakiwa kazini na watoto shuleni.

Hatari huwa kubwa joto la nje likishuka hadi nyuzi 20 za Fahrenheit, yaani takriban nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri.

Kazi za Oktoba

Ya kwanza iko nje. Mpira wa kumwagilia ukiachwa kwenye koki, maji hubaki na kuganda hadi kwenye bomba lililo ndani ya ukuta. Uchomolewe, umwagwe maji na kuhifadhiwe ndani. Kama kuna koki ya ndani inayopeleka maji nje, ifungwe, kisha ile ya nje ifunguliwe ili maji yote yatoke.

Ya pili ni kukagua mabomba yanayopita pasipo na joto: chumba cha chini ya nyumba, darini, sehemu ya kuegeshea gari. Haya huvishwa sponji maalumu ya mabomba, inayouzwa kwa bei nafuu katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Nyufa zinazopitisha upepo karibu na bomba nazo zizibwe.

Ya tatu ni kuijua koki kuu inayofunga maji ya nyumba nzima. Ifungwe na kufunguliwa kwa majaribio, kisha iwekewe alama. Mtoto mkubwa anayerudi nyumbani kabla ya wazazi aonyeshwe pia, kwani huenda yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona maji sakafuni.

Wapangaji wazungumze na mwenye nyumba mapema, tena kwa ujumbe wa maandishi. Wakumbuke pia kwamba bima ya mwenye nyumba kwa kawaida hailipii godoro, televisheni wala nguo za mpangaji. Hivyo huhitaji bima yake mwenyewe.

Baridi ikishaingia

Usiku wa baridi kali, milango ya makabati yenye sinki iachwe wazi ili joto la chumba liyafikie mabomba. Kabla ya hapo, sabuni na dawa za kusafishia zihamishiwe mahali ambapo mtoto mdogo hafiki. Koki iliyo kwenye ukuta wa nje iachwe idondoshe maji kidogo kidogo.

Wengi hupunguza joto usiku kuokoa bili. Siku za baridi kali ni salama zaidi kuliacha lilivyo mchana na usiku. Familia ikisafiri, lisishushwe chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit, sawa na 13 za Selsiasi.

Bomba likiganda

Dalili yake ni koki kutoa maji machache sana au kukauka kabisa. Koki iachwe wazi, kisha bomba lipashwe taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele au taulo zilizochovywa maji ya moto, kuanzia upande wa koki. Mashine hiyo isitumike penye maji sakafuni. Moto wa aina yoyote usikaribishwe, kwa kuwa umewahi kuunguza nyumba. Bomba likiwa limepasuka, koki kuu ifungwe kwanza, ndipo fundi aitwe.

Jiko la mkaa libaki nje

Februari 2021, baridi kali iliikumba Texas, jimbo lisiloizoea. Mamilioni ya nyumba zilikosa umeme na mabomba yakapasuka kila mahali. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246, baadhi vikiwa vya waliovuta hewa ya kaboni monoksidi wakitafuta joto.

Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye mkaa, jenereta na gari linalonguruma ndani. Jiko la mkaa, hata kama lilizoeleka jikoni nyumbani Afrika, lisiingizwe ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Kengele ya kutambua hewa hiyo iwepo karibu na vyumba vya kulala, na betri zake zikaguliwe.

Tarehe rahisi ya kukumbuka ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa zinaporudishwa nyuma katika sehemu kubwa ya Marekani. Siku hiyo kazi zote za Oktoba ziwe zimekamilika.